Nyanya za uani Arusha na Moshi: kabla hujanunua dawa, uliza hapo mwaka jana palipandwa nini

#1 Mama Kitalu (Moshono, Arusha)

Habari za jioni wadau.

Huu ni uzi wa sisi tunaolima nyuma ya nyumba, siyo wa wenye ekari. Kiwanja changu ni cha kawaida, nyumba imechukua sehemu kubwa, nimebaki na upande wa jikoni, hatua kumi na mbili kwa nane. Humo nina nyanya, mnafu, sukuma, chainizi, vitunguu na karoti, na huu ni mwaka wa saba.

Nimeamua kuandika kwa sababu kila wiki nakutana na swali lile lile, humu na kwa majirani: "Nyanya zangu zinakauka, nipige dawa gani?" Majibu yanamiminika, huyu anataja ya kopo jekundu, yule ya pakiti. Mtu anakwenda duka la pembejeo, anatoa hela ya mboga ya wiki mbili, anapuliza, na nyanya zinakufa vilevile. Inaniuma kwa sababu nilipita njia hiyo misimu mitatu.

Msimu wangu wa kwanza nilipanda nyanya aina ya Tanya. Zilibeba mpaka nikawa nagawa kwa majirani kwa sado. Nikajiambia eneo nimelipata, nikarudia palepale. Msimu wa pili zikapungua, nikaongeza samadi. Msimu wa tatu, zikiwa zimeshika matunda ya kijani, mti mmoja ukaanza kulala. Saa nane mchana umelegea kama umemwagiwa maji ya moto, jioni umesimama, asubuhi mzima kabisa. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Siku ya nne haukuinuka tena, na majani bado ya kijani, hata njano hayakupata. Kisha wa jirani yake. Kisha mstari.

Nilipiga dawa ya ukungu. Nikapiga ya wadudu. Nikarudia ya ukungu. Mpaka bwana shamba mmoja aliyekuwa amekuja kwa jirani kuangalia ng'ombe na majani yake akachungulia juu ya ukuta, akaniomba glasi ya maji masafi na kisu.

Akakata kipande cha shina karibu na udongo, urefu wa kidole. Akakifuta, akachovya ncha tu kwenye maji, akakishikilia hapo bila kutikisa. Tukasimama kimya. Dakika tano hazikuisha, kwenye mkato ukaanza kushuka uzi mweupe, mwembamba kama utando, unateremka polepole hadi chini ya glasi kama moshi uliogeuza njia. Akaniambia hao ni bakteria, wamejaa kwenye mishipa inayopandisha maji. Mti unakufa kwa kiu na mizizi yake imelowa.

Ule ndio mnyauko bakteria. Hauna dawa ya kuuponya. Sisemi ni ghali au haipatikani, sisemi uende duka lingine. Haipo. Unakaa ardhini miaka, unaingilia kwenye mizizi, unasafiri na maji, na jembe, na viatu, na miche iliyotoka kwenye kitalu chenye ugonjwa.

Halafu akaniuliza swali ambalo nataka kila mwenye bustani ya uani ajiulize: "Mama, hapa kabla ya nyanya palikuwa na nini?" Nikamwambia nyanya. Kabla yake? Mnafu. Na pale pembeni? Ngogwe. Na kule? Hoho na viazi mviringo kidogo. Akatikisa kichwa. "Mama, hao wote ni ndugu."

Wadau, hapa ndipo penye uzito kwetu sisi wa kaskazini. Nyanya, mnafu, ngogwe, bilinganya, hoho, pilipili na viazi mviringo ni ukoo mmoja. Anayemla mmoja anawajua wote. Na nani kati yetu hana mnafu uani? Tunaona tumebadilisha zao, kumbe tumembadilishia ugonjwa sahani tu. Mwenye ekari tano anaweza kuhamisha nyanya akazipeleka ng'ambo ya mfereji. Sisi kwetu ni hatua nane, kila kitu kimeguswa na kila kitu, ndiyo maana bustani ndogo inahitaji akili zaidi ya shamba.

Ninavyofanya sasa. Nimegawa eneo matuta manne na kila tuta lina kundi lake. Moja ni la nyanya na ndugu zake wote pamoja, mnafu ukiwa humo humo. La pili ni ukoo wa kabichi: sukuma, chainizi, figiri. La tatu vitunguu na karoti. La nne maharage au mahindi machache ya kuchoma. Kila msimu mkubwa zinasogea tuta moja. Nina daftari la shule, nimechora matuta na kuandika tarehe, maana kichwa kinasahau na mtoto wa kukusaidia akipanda mnafu mahali pasipo pake hutajua mpaka umeota.

Jembe na kisu naosha kwa maji yenye jiki nikitoka tuta la nyanya. Miche nasia mwenyewe. Maji namwaga kwenye shina, asubuhi, kwa kopo, siyo kwa mpira kutoka juu. Chini nimetandaza majani makavu ya migomba, ili tone la mvua lisirushe udongo kwenye majani ya chini.

Kuhusu majira: kwa Arusha usinipeleke kupandikiza nyanya Machi ili zikute masika wazi bila paa. Aprili na Mei zitaliwa na ukungu. Mimi nasia mwanzoni mwa Juni, napandikiza Julai ikielekea mwisho, yale manyunyu ya baridi yakianza kutuachia, navuna Septemba na Oktoba jua likiwa limetulia. Masika nakula mnafu, sukuma na chainizi.

Karibuni. Mwenye mti unaolala asitaje dawa kwanza, aniambie hapo palikuwa na nini.

#2 Dada wa Sakina

Asante mama, umeandika kitu cha maana. Mimi zangu hazilali, ila tunda likiwa kubwa kama yai linaoza upande wa chini. Doa jeusi, kavu, limebonyea kama ngozi ya kiatu. Niliambiwa nisage maganda ya mayai niweke kwenye shimo. Nimeweka mpaka kuku wananishangaa, na bado.

#3 Mama Kitalu

Dada yangu, hiyo ni kuoza kitako, na wala siyo ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa madini ya kalisi wakati linakua. Lakini mara nyingi kalisi ardhini ipo, tatizo ni kwamba inapanda na maji, na maji yako yanakuja leo mengi, kesho hakuna, kesho kutwa mgao umerudi unafidia kwa ndoo nne. Tunda la mwisho wa safari ndilo linakosa.

Maganda ya mayai yanaoza taratibu sana. Uliyoweka leo labda yatasaidia msimu ujao na mwingine baada yake, hayatawahi tunda lililoko mtini. Punguza kiasi, ongeza utaratibu: kila siku au kila baada ya siku moja, kiasi kile kile, na utandaze nyasi kavu udongo usikauke kwa kushtuka. Chuma hayo yaliyooza utupe, yasinywe maji bure. Na kama unamwaga urea nyingi pumzika kidogo, majani yakikimbia sana yanayanyang'anya matunda kalisi.

#4 Kijana wa Kijenge

Shikamoo mama. Mimi ni mpangaji, chumba na sebule, uani tunashea wapangaji sita na kamba za nguo. Ardhi ya kulima hakuna. Matuta manne siwezi. Niache tu?

#5 Mama Kitalu

Marahaba mwanangu. Usiache. Wewe una kitu ambacho sisi hatuna, udongo unaoweza kuubeba.

Chukua viroba, vile vya mchele vya kilo 50. Changanya udongo ambao haujawahi kuota nyanya wala mnafu, samadi iliyooza mpaka hainuki, na mchanga kidogo au pumba za mpunga. Kwa sukuma na chainizi simamisha katikati ya kiroba nguzo ya mawe madogo: unaweka kopo la rangi lililokatwa pande zote mbili, unalijaza mawe, unajaza udongo pembeni, unalivuta juu, unajaza tena mpaka mdomoni. Maji yanapita kwenye mawe na kufika chini. Toboa pembeni upachike miche. Kiroba kimoja cha sukuma kinakula nafasi ya kiti kimoja, na kinatoa mboga ya watu wawili kila baada ya siku chache.

Nyanya kaa nayo kwenye ndoo mbovu ya lita 20, mche mmoja kwa ndoo, matundu chini. Msimu ukiisha udongo wa ile ndoo upe vitunguu au maharage, nyanya mpe udongo mpya. Ukihama unahama navyo. Samadi ya kuku usiweke mbichi, inaunguza mizizi, iache iive wiki sita au zaidi imefunikwa.

#6 Mtoto wa Rau (Moshi)

Mama habari. Nimesoma post yako ya kwanza mara mbili na nimeingiwa na baridi.

Niko Moshi, huku Rau, nyumbani kwa mama. Nimepanda nyanya mashina 30, mbegu ya chotara, nimenunua miche kwa mtu. Ziko na wiki ya saba tangu kupandikiza, zina matunda. Tangu Jumamosi mashina matano yanalala mchana. Joto la huku unalijua, nikajua ni jua. Dukani nimepewa dawa ya ukungu nimepiga jana. Leo ni mashina nane.

Hapo kabla ya nyanya palikuwa na mnafu wa mama. Miaka na miaka.

#7 Mama Kitalu

Pole mwanangu. Usipige dawa nyingine kwanza. Fanya kile kipimo, kesho asubuhi: chagua mti ulioanza kulala, siyo uliokwisha kukauka. Kata shina karibu na udongo, kipande cha sentimita tano hivi, glasi iwe ya kuonekana ndani na maji yawe masafi kabisa. Ning'iniza ncha iguse maji, usitikise. Subiri dakika kumi. Ukiona uzi mweupe wa maziwa unashuka, andika hapa. Usipoona, chimbua mzizi uangalie kama una vinundu vinundu kama shanga, maana minyoo fundo nayo inalegeza mti, na dawa yake ni hadithi nyingine.

Kisu hicho ukioshe kwa jiki kabla hujakata kitu kingine. Tafadhali.

#8 Mzee wa Kihamba (Old Moshi)

Nimefuatilia mazungumzo yenu wanangu, ni mazuri. Ila niseme neno. Sisi tumelelewa na mnafu. Chini ya migomba, katikati ya kahawa na magimbi, mnafu ulijiotea wenyewe na mama zetu walichuma asubuhi. Hatukuwahi kusikia mnyauko wala glasi za maji. Tulimwaga jivu la jikoni na samadi ya ng'ombe wa zizini, basi. Mdudu akizidi tulichuma majani ya utupa, tukatwanga, tukaloweka usiku, tukanyunyizia. Naona kama mnafu unasingiziwa.

#9 Mama Kitalu

Shikamoo mzee. Nakushukuru kuja, na sikusudii kuusingizia mnafu. Kwangu hauwezi kukosekana, na ukiniambia nichague kati ya nyanya na mnafu nitakaa na mnafu.

Lakini mzee, kihamba ulichokielezea kina mashina ya mnafu yaliyotawanyika, moja hapa, jingine kule mbele, katikati yake migomba, kahawa, magimbi, maharage. Ugonjwa ukimpata mmoja unatafuta ndugu yake haumwoni. Uani kwangu nilipanda mia moja kwa mstari, wamegusana mabega, na msimu uliofuata nikaleta nyanya palepale. Kihamba kilikuwa kimeshafanya kazi ya matuta yangu manne bila daftari. Ndiyo tofauti ninayoiona.

Nikuombe ruhusa niulize: maji ya mfereji yalikuwa yanapita kwa jirani kabla ya kufika kwenu?

#10 Mzee wa Kihamba

Marahaba mwanangu. Ndiyo, mfereji ulikuwa na zamu, kila ukoo siku yake, maji yanatoka juu yanashuka. Sasa umenifanya nifikiri. Zamani walioko juu hawakuwa na nyanya. Siku hizi juu huko vijana wamejaza nyanya mpaka ukingoni mwa mfereji, na miaka hii ya karibuni mnafu wa mama yenu hapa unakufa mmoja mmoja. Tulisema udongo umechoka.

Hilo la maji nimelipokea.

#11 Afisa Ugani Mstaafu (Usa River)

Niongezee kidogo, kazi hii nimeifanya miaka mingi Arumeru.

Mama Kitalu yuko sahihi, ila nimsahihishe jambo moja. Kama tuta limeshathibitika lina mnyauko, kusogeza tuta moja kila msimu hakutoshi. Huyu bakteria anaweza kukaa ardhini miaka kadhaa, kwa hiyo tuta hilo mpe angalau miaka mitatu bila mtu yeyote wa ukoo wa nyanya. Na hapa ndipo watu wa mnafu wanapojikwaa: mnafu unajiotea. Mbegu zimedondoka, umepanda sukuma, katikati unachipua mnafu, unaona huruma unauacha. Yule mmoja anamlisha adui miaka yote unayodhani umempumzisha. Ng'oa mara uuonapo. Magugu ya ukoo huo pia, ndulele mojawapo.

Jambo la pili, msiite kila kitu mnyauko. Aprili hapa Arusha anayeua ni bakajani chelewa. Hilo halilazi mti, linauunguza. Amka saa kumi na mbili na nusu, geuza jani lenye doa la kahawia lililolowa: upande wa chini, kwenye ukingo wa doa, utaona unga mweupe kama pumzi kwenye kioo. Saa nne jua likipiga huuoni tena, ndiyo maana wengi hawaujui. Unakwenda na baridi na unyevu, na viazi mviringo vinaupata vilevile. Ndio ulioangamiza viazi Ayalandi kuanzia mwaka 1845. Huu dawa zake zipo, za kopa au mankozebu, lakini ni za kukinga, zinapigwa kabla, siyo jani likishaungua. Mwenye uani mdogo akifunga paa la nailoni juu ya tuta la nyanya, pembeni wazi, anazuia sehemu kubwa bila dawa, kwa sababu jani halilowi.

Tatu, kantangaze. Aliingia nchini kwetu mwaka 2014, asili yake Amerika ya Kusini. Ni nondo mdogo wa kijivu, jike moja linaweza kutaga mayai hadi 260. Kiwavi anachimba ndani ya jani, unaona mabaka meupe kama karatasi, kisha anatoboa tunda. Dawa nyingi ameshazizoea. Kwa uani, silaha ni macho na mikono: kila asubuhi chuma jani lenye mabaka, tia kwenye mfuko mweusi wa nailoni, funga, anika juani siku kadhaa. Usitupe jalalani. Usiku weka beseni la maji yenye sabuni chini ya taa ndogo, nondo wanaanguka humo. Kitalu kifunikwe kwa chandarua chenye matundu madogo. Huyu naye anakaa kwenye mnafu, bilinganya na viazi, kwa hiyo tunarudi kwenye ukoo ule ule.

Na majani yakikunja juu, yakawa madogo ya njano na mti ukadumaa, hiyo ni rasta, virusi, nzi weupe ndio wanaoleta. Ng'oa mti huo mapema.

La mwisho, kwa heshima yote: someni kibandiko cha dawa. Kuna siku za kusubiri baada ya kupuliza kabla ya kuvuna, nyingine tatu, nyingine kumi na nne au zaidi. Nimeona mama anapuliza asubuhi, jioni anachuma kachumbari ya watoto. Hilo lilininyima usingizi nikiwa kazini na bado linaninyima.

#12 Mama Kitalu

Asante sana baba kwa marekebisho. Kweli tuta langu lile la kwanza nililipa misimu miwili nikalirudia, na mashina mawili yalilala. Sasa nimeelewa ni nini. Na nakumbuka kabisa kuna mnafu mmoja niliuacha ukingoni kwa sababu ulikuwa mnene na mzuri.

Kuanzia leo tuta lile ni la sukuma, vitunguu na mahindi mpaka miaka mitatu itimie.

#13 Dada wa Sakina

Baba, samahani, na mbegu je? Nimechoka kununua kila mwaka. Naweza kukamua za nyanya zangu?

#14 Afisa Ugani Mstaafu

Inategemea ulipanda nini binti yangu. Tanya na Tengeru 97 siyo chotara, unaweza. Hiyo Tengeru 97 imetoka kwa watafiti wa hapa hapa Tengeru, na 97 ni mwaka wa 1997. Chotara, zile zenye F1 kwenye pakiti, ukizikamua zinazaa mchanganyiko: huyu mrefu, huyu mfupi, mwingine hazai.

Chagua mti usiougua, ulio bora tangu mwanzo, siyo tunda kubwa tu kwenye mti wowote. Tunda liive kabisa. Kamua mbegu na maji yake kwenye glasi, acha siku mbili au tatu zichachuke mpaka ule ute uachie, osha kwenye chujio, anika kivulini juu ya sahani, siyo karatasi, zitang'ang'ania. Weka kwenye bahasha uandike mwaka.

#15 Kijana wa Kijenge

Mama, viroba vitatu vimeshasimama. Wapangaji wenzangu wawili wameanza vyao. Swali dogo: miche ya sukuma nimekuta asubuhi imekatwa chini kama kwa wembe, imelala pembeni mizima.

#16 Mama Kitalu

Huyo ni sota. Kiwavi mnene wa kijivu, mchana anajikunja ndani ya udongo, usiku anakata. Fukua kwa kidole kuzunguka mche uliokatwa, kina cha sentimita mbili tatu, utamkuta kajikunja kama pete. Kisha kata chupa za maji ziwe pete za upana wa vidole vitatu, vika kila mche pete yake, izame kidogo ardhini. Mche ukishakuwa na shina gumu unaziondoa.

Hongera kwa viroba.

#17 Mtoto wa Rau

Mama Kitalu, nimepima.

Nilichukua glasi ya mama ile ya wageni, ndiyo pekee isiyo na maua. Nikakata mti wa tatu kwenye mstari. Dakika ya kwanza hakuna kitu, nikapata moyo. Dakika ya nne hivi ukashuka. Mweupe, mwembamba, kama ulivyosema. Nilimwita mama akaja akasimama pembeni yangu na kanga yake, akaangalia muda mrefu hakusema neno. Halafu akasema, "Kumbe ndicho kilichokuwa kinaua mnafu wangu." Alikuwa anaumwagilia mara mbili kwa siku kila ulipolegea. Miaka yote alidhani ni mkono wake.

Nikapima na wa mwisho, ule ambao bado haujalala. Nao umetoa, kidogo.

#18 Mama Kitalu

Pole sana, na umpe mama pole zangu. Mwambie mkono wake hauna kosa, mnafu huo umelea nyumba nzima.

Sasa ng'oa. Najua zina matunda. Yaliyokomaa chuma, yanalika, bakteria huyu hamdhuru mtu. Mti ng'oa na mzizi wake na udongo ulioshikana nao, usiuburute juu ya bustani, uweke kwenye kiroba papo hapo. Usitie kwenye mboji, usiwape ng'ombe maana samadi itarudi shambani. Kausha uchome. Maji ya mtaro wa hapo usiyaelekeze kwenye sehemu nyingine ya bustani. Viatu na jembe, jiki.

Zile zisizoonyesha dalili ziache mpaka uzivune kama ziko mbali na zilizolala, ila usimwagilie kwa kutiririsha kwenye mfereji mmoja. Kopo, kila mti kivyake.

#19 Afisa Ugani Mstaafu

Nakubaliana. Niongeze kwa Mtoto wa Rau: hali ya Moshi mjini ina jambo jingine. Ukitafuta mahali pengine pa kupanda nyanya usizipeleke zikachanue Januari na Februari. Mchana ukivuka nyuzi 32 na usiku ukabaki juu ya 21 chavua inadhoofika, maua yanadondoka bila kushika. Kwenu majira mazuri ni baridi: sia katikati ya Mei chini ya paa, pandikiza Juni. Kinyume na Arusha, ambako baridi hiyo ndiyo inayoleta ukungu.

#20 Mzee wa Kihamba

Mtoto wa Rau, uko karibu na kwangu. Hapa juu nina udongo wa chini ya mibuni ya zamani, haujaona nyanya wala mnafu tangu nizaliwe. Njoo na viroba uchukue wa kujaza ndoo kumi. Mwambie mama yako nitampa na mbegu ya mnafu wa hapa, ule wa majani mapana, aupande kwenye ndoo mpaka ardhi yake ipone.

#21 Mtoto wa Rau

Shikamoo mzee. Nimefurahi mpaka nimekosa la kusema. Nitakuja Jumamosi na mdogo wangu na baiskeli.

Nimeng'oa mashina 17. Yamebaki 13 upande wa ukutani, namwagilia kwa kopo, mpaka leo jioni yamesimama. Pale nilipong'oa nimesafisha, nimetoa na miche ya mnafu iliyokuwa imejiotea pembeni, ilikuwa mingi kuliko nilivyofikiri, ndoo nzima. Mama ndiye aliyening'olea ile ya mwisho mwenyewe.

Kesho napanda sukuma na vitunguu. Nimenunua daftari.